Mzee anaomba mvua, mimi naomba nyota

Najua nimepotea kitambo, wengine mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimeacha chuo kabisa, hehehe. Nipo jamani. Mwaka wa tatu si mchezo, pindi zinabana kila upande. Leo nimepata masaa mawili ya bure nikasema niandike kuhusu kitu ambacho wengi mnanitania nacho hapa hosteli: kukaa nje usiku kutazama nyota na kuzipiga picha. Rumeti wangu ananiita Mnajimu. Nimeshamweleza mara mia kwamba mnajimu ni yule anayekutabiria ndoa na pesa, mimi napenda elimu ya anga tu, lakini wapi. Jina limeshaganda.

Kwa wasiojua, kwetu ni Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Ukitoka hapa Dodoma unapanda basi mpaka Singida mjini, unaunga na gari za kwenda Shelui na Nzega, unashuka Misigiri pale njia inapochepuka kwenda Kiomboi, halafu bodaboda. Singida wengi mnaijua kwa kuku wa kienyeji, alizeti, vitunguu na upepo. Nyota zake hamzijui kwa sababu mkipita usiku mnakuwa mmelala kwenye basi. Singida mjini yenyewe iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nusu mwaka hewa ni kavu, na ukiingia vijijini taa ni za kuhesabu. Halafu tuko nyuzi 4 na kidogo tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo tunafaidi anga la kusini na la kaskazini kwa pamoja. Mwishoni mwa mwezi wa nne, mawingu yakikupa nafasi, toka uani saa tatu usiku: upande wa kusini unauona Msalaba wa Kusini, ukigeuka kaskazini unamwona Dubu Mkubwa. Mtu wa London ule Msalaba hauoni ng'o, na wa Cape Town yule Dubu hamwoni mzima. Sisi tunao wote, bure kabisa, na tunalala.

Ugonjwa wangu huu ulianza Septemba 1, 2016, nikiwa darasa la saba. Siku hiyo jua lilipatwa kipete, yaani mwezi ulikaa mbele ya jua bila kulifunika lote, ikabaki pete ya mwanga pembeni. Pete yenyewe ilionekana kusini mwa nchi, na kule Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, watu walifurika kutoka ndani na nje ya Tanzania. Sisi Ulemo tuliambulia kipande, ila kipande kikubwa. Tulikatazwa kutazama jua kwa macho, tukakaa chini ya mwembe tukiwa wanyonge. Karibu na saa sita mchana ndipo mwenzetu mmoja akapiga kelele, "Angalieni chini!" Kumbe kila kitundu katikati ya majani kilikuwa kinaangusha picha ya jua mchangani, na jua lilikuwa limeliwa. Vijipande kama mwezi mchanga, mamia kwa mamia, vilitapakaa juu ya mchanga, juu ya daftari, juu ya mashati yetu meupe. Nilinyoosha kiganja nikashika kimoja. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama juu.

Sasa vifaa. Msidhani nina mitambo. Nina darubini ya macho mawili ya mtumba, ile inayokuza mara kumi, na simu yangu hii hii mnayoijua yenye kioo kilichopasuka. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kupiga picha ambapo unapanga mwenyewe muda wa lenzi kubaki wazi. Unaweka sekunde 15 hadi 20, ISO 1600 au 3200, unaiegemeza simu kwenye tofali, unaweka ile saa ya kuchelewesha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise, basi. Ukizidisha muda, nyota zinaanza kuvutika kama mistari, kwa sababu dunia haikungoji, inazunguka. Wapiga picha wana hesabu yao ya haraka: unagawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi kuu ya simu nyingi huhesabiwa kama milimita 26 hivi, unapata sekunde 19. Ukipiga picha 40 za mahali pamoja, halafu ukaziunganisha kwenye laptopu kwa programu ya bure, chengachenga zinapungua na vinyota ambavyo hukuviona kwa macho vinajitokeza. Laptopu ya rumeti ndiyo ofisi yangu. (Asante kaka, pamoja na matani yako.)

Shida ya pili ni majirani. Macho yanahitaji kama nusu saa gizani ndipo yazoee, kwa hiyo tochi yangu nimeifunga karatasi nyekundu ili isiyaharibu. Sasa hebu fikiria wewe ni mtu wa Ulemo, umetoka nje saa saba usiku kwenda haja, unakuta kijana amekaa peke yake nyuma ya zizi, ana kitaa chekundu, ameinua uso juu, ananong'ona namba. Utafikiria nini? Mzee mmoja jirani alikohoa mbali kabisa, akasimama. Nikamsalimia, "Shikamoo babu." Kimya. Nikamsalimia tena. Ndipo akajibu, "Marahaba... wewe ni mtoto wa nani?" huku ananijua tangu nazaliwa! Kesho yake mama aliulizwa kisimani kama chuo tunasomea mambo gani haswa. Tangu hapo nikiwa nakwenda kutazama nyota natangaza mapema, kama msiba.

Lakini ile Jumapili ya Septemba 7, 2025 nilipata heshima. Mwezi ulipatwa kamili, na kwa bahati nilikuwa nyumbani likizo ndefu. Ulianza kuliwa saa 1:27 usiku, ukafunikwa wote kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52. Dakika 82 mwezi ni mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Nilikuwa nimewaambia watu siku tatu kabla, na saa, na dakika. Watoto walijaa uani, yule babu naye akaja na kigoda chake. Nikawaeleza kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita pembeni mwa dunia kwenye hewa yetu, ni kama machweo yote ya dunia yamemulika mwezi kwa mkupuo. Nikashika simu kwenye jicho moja la darubini nikapiga picha, mkono unatetemeka, lakini zilitoka. Babu akaniuliza, "Hizi dakika ulizijuaje?" Nikamwambia zinapigwa hesabu, hata za miaka mia ijayo. Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi na mvua nayo tupigie."

Wadau, pale ndipo penyewe. Naomba mnielewe hapa maana ndicho kilichonifanya niandike leo.

Kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti anga liko wazi, Nge anapanda karibu na utosini, Njia Nyeupe imepita juu kama moshi wa jikoni. Tatizo lake ni upepo, vumbi, na baadaye moshi wa kuchoma mashamba. Ila nyota ninazozipenda mimi kuliko zote, Jabari na mkanda wake, Kilimia, na vimondo vya Desemba, zinakuja jioni wakati ule ule wa mvua. Tena mvua za kwetu hazitabiriki kwa uwanja mmoja mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanakwambia mkoa wa Singida utakuwa na ngurumo maeneo machache, na ni kweli, ila eneo lipi? Jua la mchana linapasha ardhi, mawingu yanajijenga alasiri, jioni yanamwagika upande mmoja wa njia na upande wa pili vumbi tupu. Raha yake ni kwamba ikishanyesha, ile hewa imeoshwa. Anga likifunguka baada ya mvua, nyota zinakuwa karibu mpaka unaogopa. Kwa hiyo mtu wa nyota kwetu hangoji usiku mweupe. Anangoja upenyo.

Na hiki Kilimia sio jina la bahati. Linatokana na kulima. Ni kile kichungu kidogo cha nyota, wengi wanahesabu sita kwa macho, kwa darubini yangu naona makumi. Mwanga wake unaouona leo umesafiri miaka kama 440. Kila nyota inachomoza dakika 4 mapema kuliko jana, kwa hiyo Kilimia kinahama taratibu mwaka mzima: kwetu kinapotea magharibi mvua zikiwa zinaisha, na kuelekea mwisho wa Novemba kinachomoza mashariki jua likizama, mvua zikianza. Watu wa Pwani wana methali, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kalenda ya mkulima kabla ya kalenda za ukutani.

Sasa Desemba 2025. Baba alinipigia simu katikati ya wiki. Mzee wangu si mtu wa simu, akipiga ujue kuna jambo. "Ijumaa njoo, tuongee." Nikajua ni ada. Mkopo wangu haufiki asilimia mia, kile kinachobaki kinatoka shambani, na bila kukimaliza mtihani wa Februari nausikia redioni. Nikapanda gari Ijumaa tarehe 12.

Hali niliyoikuta: mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Novemba, mzee akapanda mtama, ukaota vizuri. Halafu mvua ikakata. Wiki mbili na siku kadhaa, hakuna. Mtama ulikuwa umejikunja majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mbegu ya alizeti bado iko kwenye gunia, haijaguswa. Mzee akanieleza hesabu yake, na nikisema hesabu naomba mjue huyu mtu aliishia darasa la saba ila hesabu yake sijaikuta kwenye desa lolote. Tuna maksai wawili wa kulimia. Kama mvua haiji, maksai hawana kazi, bora auze mmoja sasa alipe ada yangu, mwaka huu wa shamba tuusamehe. Kama mvua inakuja, akiuza maksai amejikata mkono, alizeti hatailima kwa wakati, na ada ya mwakani ya mdogo wangu itatoka wapi? Mnada ulikuwa Jumatatu. Kwa hiyo alikuwa anangoja Jumamosi na Jumapili. Siku mbili, aangalie juu.

Na Jumamosi hiyo hiyo, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, ndio usiku wa vimondo vya Mapacha! Hivi ni vimondo bora vya mwaka mzima. Vinatokana na vumbi la kijiwe kinachoitwa Phaethon kilichogunduliwa mwaka 1983, na mahali penye giza zuri, Mapacha wakiwa juu, unaweza kuona kimondo zaidi ya kimoja kwa dakika. Mwaka huo mwezi ulikuwa kipande na haukuchomoza mpaka usiku wa manane. Yaani kila kitu kimekaa sawa. Nilikuwa nimeusubiri usiku ule tangu Septemba. Na ili niupate, anga lilipaswa kuwa jeupe usiku kucha.

Lilikuwa jeupe. Saa mbili usiku hakuna wingu hata la dawa. Nilipanga matofali yangu nyuma ya zizi, simu ikaanza kupiga picha moja baada ya nyingine kuelekea kaskazini mashariki. Kilimia kiko juu, Jabari amelala ubavu, na baadaye Mshtarii akachomoza akiwa ndani ya Mapacha, anang'aa kama taa ya gari. Ndani ya zizi nawasikia maksai wanacheua. Sijui niseme vipi. Nilikuwa natazama kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua, na kila dakika kinavyozidi kung'aa ndivyo mnyama yule wa nyuma yangu anavyozidi kuuzwa.

Mzee akaja na kigoda akakaa. Kimya kirefu. Halafu akasema, "Naona leo mmeshinda nyie."

"Akina nani, baba?"

"Wewe na nyota zako." Akacheka kidogo. "Wewe unamwomba Mungu aondoe mawingu, mimi namwomba alete. Atamsikiliza nani?"

Nikamwambia, "Atamsikiliza anayelipa ada."

Tukacheka wote, ila si kicheko kirefu. Kimondo kikapita, cheupe, kirefu, mpaka upande wa Misigiri. Mzee akakiona. Hakusema kitu. Baadaye akanyoosha kidole, "Kile Kilimia kimetoka mwezi uliopita. Kimefika pale juu. Mbona mvua hakuna?"

Nikamweleza kwamba nyota zinatunza tarehe tu, mawingu hayasomi tarehe. Kwamba naweza kumwambia Kilimia kitakuwa wapi Desemba ya mwaka wowote anaoutaka, lakini kesho saa nane mchana siwezi. Nilitegemea aone elimu yangu ni bure. Akasema, "Bibi yako alijua hilo. Alikuwa anasema Kilimia kinakwambia shika jembe. Hakikwambii utavuna."

Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu, jamani, na sijasikia mtu akaitenganisha elimu ya anga na utabiri wa hewa vizuri namna hiyo.

Kama saa nne na nusu mwanga ukacheza mashariki, chini kabisa. Hakuna sauti. Nikadhani ni gari. Ukacheza tena. Mzee alishaacha kuongea, ameinama mbele, viwiko magotini. Nyota za chini zikaanza kuzima moja moja, kama mtu anapita na kufunga madirisha. Mapacha wakamezwa, Mshtarii akamezwa. Nilikuwa nimehesabu vimondo 17. Saa nzuri ya vimondo hivi ni saa nane, Mapacha wakiwa juu, na mimi nilijua kabisa kwamba saa nane sitakuwa na anga. Wenzangu mnaopiga picha mnajua ule uchungu. Ila naomba mniamini, nilijikuta nanong'ona, "Njoo. Njoo basi." Nililiambia wingu.

Radi zilipokaribia tukahamia barazani maana mzee hataki mchezo na radi, simu nikaiacha kwenye matofali iendelee mpaka tone la kwanza. Mawingu yakasita pale, yakazunguka, upepo ukavuma ukakata. Saa sita hakuna. Saa saba hakuna. Mama akatoka akatutazama akarudi kulala. Saa tisa usiku ikashuka. Sio manyunyu, mvua yenyewe, bati likapiga kelele mpaka hatusikilizani, ndoo zikatolewa, na mzee wangu akasimama mlangoni mikono nyuma, analowa miguu, hasogei.

Jumatatu hakwenda mnadani na maksai. Alikwenda na mbuzi wawili, na kuna gunia la alizeti ya mwaka jana alilokuwa amelificha kwa ajili ya mafuta ya nyumbani, nalo likaenda. Ikabaki pungufu kidogo, nikaimaliza mwenyewe kwenye bumu kwa kula mlo mmoja, mambo ambayo wengi mnayajua. Mtama uliinuka. Sio wote, upande wa kichuguu ulikufa. Alizeti ikapandwa. Sikwambii kwamba kila kitu kimekaa sawa, maana kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi, na Januari ina mambo yake. Ila maksai bado ni wawili.

Nikirudi kwenye picha: niliporudi Dodoma nikazipitia zote, mia tatu na kitu. Vimondo nimepata viwili, kimoja hafifu. Lakini kuna moja, kama saa nne na dakika arobaini, upande wa kushoto juu Kilimia kiko safi kabisa, unaweza kuhesabu, na chini kulia wingu limewaka ndani kwa radi, la zambarau, limevimba kama unga unaoumuka. Sekunde 19. Nikamtumia mdogo wangu kwenye simu amwonyeshe mzee. Nikaandika, "Mwambie baba hiyo ni picha ya Kilimia." Mdogo wangu akajibu baada ya muda: "Baba anasema asante kwa picha ya mvua."

Haya wadau, anayetaka kujaribu anitafute, Ijumaa tutapanda kule nyuma ya hosteli taa zisipofika. Njoo na tofali lako. Mawingu yakija msilalamike mbele yangu. Kesho nina pindi la saa moja asubuhi, ngoja nikalale.

Tuko pamoja.